Maziwa Chini ya Kioo

Duka la Muhidin lilikuwa bado linafagiliwa Nuria alipoingia na kiondo. Ndani yake mlikuwa na bodi ya redio iliyokufa, rula, karatasi ya daftari yenye mistari na chuma chake mwenyewe cha kulehemu, waya umezungushwa vizuri. Alikuja kununua kioo cha kukuzia chenye taa, na hakukusudia kukinunua kwa kusifiwa.

"Mama Shukri, asalaam aleikum," Muhidin alisema alipouona mzigo. "Unahama?"

"Waaleikum salaam. Nimekuja kuangalia kwa macho yangu. Haya yaliyobaki."

Muhidin aliuza vipuri nyuma ya soko la Nakuru na alimjua Nuria tangu siku alipotoka chuoni na diploma ya elektroniki na kufungua karakana mtaa wa Bondeni. Siku hizo wateja walikuwa wakiingia, wakimwona, wakauliza fundi yuko wapi. Sasa hawaulizi. Hakuna kifaa ambacho Nuria aliwahi kumrudishia mwenyewe na kumwambia kimemshinda, na jambo hilo alilisema waziwazi, kwa sababu ni kweli na kwa sababu lilimpendeza kulisema. Ila mwaka huu macho yake yalianza kudai mkono mrefu kuliko aliojaliwa. Aliweza kusoma bango lililo ng'ambo ya barabara, lakini mguu wa chipu iliyo mbele yake ulikuwa ukungu.

Muhidin akapanga vioo vitatu juu ya kaunta.

Cha kwanza kilikuwa cha kuvaa kichwani. Nuria alikivaa juu ya mtandio, akainama, nacho kikamteleza hadi puani. Alipogeuka kumsikiliza Muhidin, taa ikamulika kiatu cha Muhidin. Alipogeuka tena, ikamulika dari.

"Hiki kinafuata kichwa," alisema. "Kichwa changu kina wateja wa kujibu."

Cha pili kilikuwa kipana kama sahani, cha plastiki, cha kusimama mezani. Nuria aliweka chini yake ile bodi ya redio. Kwenye bodi hiyo palikuwa na ufa uliozunguka mguu mmoja wa koili. Alikuwa ameugusa kwa ukucha mara nyingi na kuujua kama mtu anavyojua jino lake bovu. Chini ya kioo hiki ufa haukuwepo. Lehemu iling'aa kama ya jana. Nuria akatia kidole chake. Ukucha ulioungua na kukunjika tangu akiwa mwanafunzi ulionekana mzima, umepakwa hina.

"Hiki kinapamba," alisema.

"Ndiyo," Muhidin akakubali. "Na ndicho kinachouzwa zaidi. Mteja anainama, anaona kazi safi, anafurahi, anakwenda."

"Na kifaa?"

"Kifaa hakiangalii."

"Peleka kwa watu wa harusi. Mimi nataka kuona."

Cha tatu kilikuwa na mkono mrefu wa springi uliouma ukingo wa meza kwa skrubu. Kioo chenyewe kilikuwa kioo hasa, kizito, na pete ya taa ndogo ilikizunguka. Nuria hakuharakisha. Alitandika karatasi ya mistari. Mistari ilinyooka katikati na kujikunja kidogo tu pembeni, na pembeni hakuwa na shida napo. Alipunga vidole chini ya taa kuona kama vingekatikakatika kama kwenye televisheni mbovu, navyo havikukatika. Mwanga ulikuwa mweupe, si ule wa buluu unaofanya shaba ionekane kama chuma. Alisukuma mkono wa springi mbali, akauachia. Ukabaki alipouweka, bila kuinama kama mtu mwenye aibu. Kisha akaomba soketi, akapasha chuma chake moto, akakipitisha kati ya kioo na bodi. Nafasi ilitosha chuma na kifundo cha mkono.

"Ninacho kingine kinachokuza mara mbili ya hiki," Muhidin alisema.

"Kinachokuza sana kinataka nikibusu. Nitachoma pua."

Ufa wa koili ulikuwepo, mwembamba kama unywele, pale pale ukucha ulipousema.

"Nifungie hiki."

"Basi kifunike jua likipanda," Muhidin alisema akikifunga kwa gazeti. "Kuna mtu wa Molo alikiacha dirishani, kikala pazia. Kwani una kazi gani ya haraka?"

"Mizani ya Hezekiah, meneja wa ushirika wa maziwa. Inavuja."

"Maziwa?"

"Maziwa."

"Za Dundori huvuja," Muhidin alisema, akatafuta kamba.

Mizani hizo zilikuwa za dijitali, moja kila kituo. Asubuhi wakulima wa Dundori huleta mikebe kando ya barabara, karani huiweka juu ya mizani, na mizani husema kilo. Husema kilo nzima tu. Kinachofuata nukta, kile ambacho wakulima wenyewe hukiita pointi, haikionyeshi. Kila mtu alijua pointi zipo, maana mizani ya nyumbani ya kuning'iniza viazi ilizionyesha vizuri tu. Karani alipoulizwa alijibu kwamba mashine haisomi pointi. Mwisho watu walizizungumza pointi zao kama jamaa aliyehamia mbali: yupo, mzima, ila hapatikani.

Hezekiah alikuwa ameileta mizani mwenyewe, imefungwa kwenye gunia. "Mama Shukri, hii kitu imeniletea nzi," alisema. "Karani akifinya sufuri, maziwa inatoka kwa hiyo batani. Na wakulima wamesimama hapo wanaangalia. Si picha mzuri. Ukinitengenezea hii, nakuletea za vituo vyote."

Nuria alimwambia arudi Alhamisi.

Meza yake ya kazi ilielekea ukuta wa kaskazini, upande wa kibla, kwa kuwa hapo ndipo soketi ilipokuwa na kwa kuwa ilimfaa hivyo. Alifunga kioo kwenye ukingo, akawasha taa, akaifungua mizani. Ndani palikuwa pakavu isipokuwa kijito chembamba cha maziwa kilichotoka chini ya chipu moja, kikafuata njia ya shaba hadi kitufe cha sufuri. Chipu yenyewe ilikuwa nyeusi, isiyo na maandishi, na haikuhusiana na kazi yoyote ya kupima anayoijua. Nuria akaifinya kidogo kwa kibano. Tone likatoka. Lilikuwa vuguvugu na lilinuka kabichi, maana ng'ombe wa Dundori hupewa majani ya nje ya kabichi na maziwa yao hayawezi kuficha walichokula. Akafinya tena. Tone la pili lilinuka majani ya nepia, likakaa kando ya la kwanza bila kuchanganyika nalo, kama watu wa nyumba mbili kwenye foleni moja.

Alisema bismillahi, akaonja. Yalikuwa maziwa mazuri.

Basi pointi zilikuwa hapa. Zilikusanyika humu tone kwa tone tangu mizani iliponunuliwa, chipu ikajaa, na kilichojaa hutafuta mlango ulio karibu. Nuria akaliona hilo, akalielewa, akasogeza kioo ili aone miguu ya chipu.

Hapo ndipo aliposimama.

Lehemu ilikuwa safi. Hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua, kila kiungo kiling'aa na kuteremka kwa mteremko mmoja kama vibanda vilivyoezekwa na fundi mmoja. Na kila kimoja kilikuwa na ncha ndogo iliyoinamia ukutani, kaskazini. Nuria akaigeuza bodi robo. Ncha zikageuka polepole, kama alizeti shambani, zikaelekea ukutani tena. Akaigeuza juu chini. Zikageuka.

Karakana inayofundisha hivyo ni moja tu. Unasema bismillahi, unagusa, unahesabu pumzi moja, kisha unainua chuma kwenda mbele, mbali na kifua chako, upande meza inakoelekea. Hakibaki kimkia, ila ncha ndogo tu iliyoinamia huko. Nuria alikuwa amemfundisha mtu mmoja, kwenye meza hii, akiwa amemsimamisha juu ya kreti ya soda kwa sababu hakuifikia.

Kifua kilimjaa kabla hajakiuliza. Fahari ilitangulia, na lile jambo jingine, la maziwa ya watu, likafuata nyuma taratibu, kama mgeni aliyepotea njia.

Bondeni nzima ilijua kwamba Shukri, binti wa Nuria, aliajiriwa na kiwanda cha mizani huko Naivasha. Ilijua kwa sababu Nuria hakuwa mtu wa kunong'ona habari njema. Picha ya Shukri akiwa na koti jeupe ilining'inia karakanani, juu ya droo za vipuri, na mteja aliyesahau kuiuliza aliulizwa kama ameiona.

Nuria akapiga simu. Shukri alikuwa nyumbani kwake Kihoto, kando ya ziwa la Naivasha lililofurika.

"Sasa, mathe."

"Maji yameingia?"

"Yako kwa mlango. Nimeinua kitanda na matofali, niko sawa."

"Nina mizani yenu hapa. Kuna chipu nyeusi haina maandishi, karibu na sufuri. Ni kazi yako?"

"Hiyo ndiyo laini yangu. Kwani imeachia?"

"Haijaachia. Imejaa maziwa."

Shukri alifikiri. "Lakini haijaachia?"

"Hata mguu mmoja."

"Mimi huletewa kwa trei, mama. Naweka, nalehemu, napitisha mbele. Wanaiita ya kusawazisha. Nikauliza siku moja, wakaniambia ni mteja ameitaka hivyo."

"Mteja ni nani?"

"Si ni huo ushirika wa huko kwenu."

"Na nikiitoa?"

"Mizani haiwaki. Tuliifunga hivyo." Shukri alisema neno hilo kama mtu anayeonyesha nyumba yake mpya. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya mtoto aliye juu ya kreti. "Mama. Uliona nilivyomaliza?"

Nuria aliangalia chini ya kioo.

"Nimeona."

"Na?"

"Ni safi," Nuria alisema, kwa kuwa ilikuwa safi. "Nunua viatu vya maji. Usitembee humo na ndala."

Jumatano alimpelekea habari Wangare, mwanamke wa Dundori aliyemuuzia viazi, kwamba pointi zimeonekana na anayetaka kuziona aje Alhamisi. Hilo lilikuwa rahisi. Nuria hakuwa na koo la kuzuia jambo kama hilo. Lililokuwa gumu lilimjia Alhamisi yenyewe, alipokuwa akipangusa meza. Watu wangeinama juu ya kioo hiki, ambacho alikichagua kwa sababu hakipambi. Wangeona maziwa, na kando ya maziwa wangeona ule mkono. Mafundi wa mji wanaujua, na wateja wake wengi wanaujua pia, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwafundisha kuutafuta: angalia ncha, ukiona inaelekea kibla, ujue ni ya kwangu. Jina la mkono huo ndilo lililomlisha Shukri na kumsomesha. Likiharibika hapa, linaharibika Bondeni, Dundori na Naivasha kwa siku moja, na litamharibikia Shukri zaidi, maana yeye ndiyo kwanza anaanza.

Nuria akakata kipande cha tepu nyeusi, akakibandika juu ya miguu ya chipu. Hakuwahi kufunika kazi maishani mwake. Kilinata vizuri.

Walikuja alasiri: Hezekiah na pikapu yake, na Wangare na majirani kadhaa waliopanda nyuma ya pikapu hiyo hiyo, kwa sababu njia ilikuwa moja. Wangare alikuwa na jagi.

Nuria aliwaeleza kwa ufupi. Hii ni chipu, kazi yake ni kumeza kinachofuata nukta, imejaa, ndiyo maana inavuja. Akawaambia wainame mmoja mmoja, wasiegemee mkono wa springi.

Wangare akainama wa kwanza. Nuria akamtolea tone kwa kibano, akampa juu ya ukucha. Wangare akaonja, akafumba macho.

"Huyu ni Karembo," alisema.

"Ng'ombe wako Karembo si alikufa?" jirani yake aliuliza.

"Alikufa mwaka juzi, kwa kufura tumbo. Lakini ni yeye. Na bado yana joto." Akajipangusa mdomo. "Meneja, si ulituambia mashine haisomi pointi?"

"Haisomi," Hezekiah alisema. "Inaweka tu. Sijasema si zenu, mama. Nimesema inavuja."

"Basi itolewe."

"Ikitolewa haiwaki," alisema Nuria.

"Na isipowaka, wanunuzi hawachukui maziwa," Hezekiah akaongeza. "Wao wanataka kilo nzima, vitabu vyao havina pa kuandika pointi, na mkataba tulisaini mimi na kamati. Kamati mlichagua ninyi. Sasa niambieni, mnataka kuuza maziwa ama mnataka pointi?"

Wakulima wakashauriana pale pale, kati ya televisheni zilizofunguliwa migongo. Hapakuwa na kelele. Mmoja alisema mwanawe anasubiri karo, mwingine akasema maziwa hayangojei kesi. Walitaka kuuza maziwa. Ikakubaliwa kwamba chipu ibaki mahali pake, na kwamba kila mizani ikijaa iletwe kwa Mama Shukri ikamuliwe, na mwenye pointi zake aje na chombo. Hezekiah alisema maziwa hayo hayawezi kupimwa tena, kwa kuwa yalikwisha kupimwa yakawa si kitu. Wangare akasema ndama hawasomi vitabu.

"Leta hapa," alimwambia Nuria. "Wewe unaifinya kama chunusi. Hii inataka mtu anajua ng'ombe."

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya kioo, akapaka vidole samli kidogo aliyokuja nayo kwenye kikopo. Akashika chipu kwa kidole gumba na cha shahada, akaanza kuivuta taratibu, akiinong'oneza kwa Kikuyu. Maziwa yakaja, lakini yalikuja kwa kusitasita.

"Haishuki vizuri. Toa hiyo kitu nyeusi, inaiminya."

Nuria hakujongea.

"Mama Shukri. Hiyo tepu ni ya nini?"

Angeweza kusema ni ya kuzuia mng'ao wa taa. Angeweza kusema ni ya kuzuia umeme, na hapa hakuna mtu ambaye angebisha. Maneno hayo yote yalikuwa karibu, na hakuna lililopanda.

"Ya kuficha," alisema.

"Kuficha nini?"

"Mkono wa aliyeifunga."

Akaibandua kwa ukucha. Wangare akainama tena, safari hii kwa muda mrefu. Aliigeuza bodi upande, kama anavyogeuza shingo ya ndama kutafuta kupe, na zile ncha zikageuka. Akaigeuza upande mwingine, zikageuka. Mafuta ya samli yaling'aa juu ya lehemu. Majirani walisogea, na hata Hezekiah, aliyekuwa ameegemea mlango, alisimama wima.

"Hii najua," Wangare alisema. "Redio yangu iko hivi. Ni wewe?"

"Si mimi. Ni mwanangu Shukri, yule wa pale." Nuria alionyesha picha, na hakuinamisha kichwa alipoionyesha. "Anafanya kazi wanakotengeneza hizi mizani. Nilimfundisha mimi, hapo ulipokaa."

Nje mtu alikuwa akijaribu pikipiki isiyotaka kuwaka.

Wangare alirudisha jicho kwenye kioo. Alipita mguu kwa mguu, upande mmoja wa chipu kisha wa pili, bila kuruka hata mmoja.

"Kwa hiyo pointi zangu miaka yote hii," alisema, "zilisukuma hapa, na hazikupata hata pa kupitisha sindano."

"Hazikupata."

"Zikaenda zikatokea kwa batani."

"Ndiyo."

Wangare alinyanyuka kidogo, akamwangalia Nuria, kisha picha ya msichana mwenye koti jeupe.

"Huyu mtoto ana mkono," alisema.

"Anao," alisema Nuria.

Wangare akavuta jagi likakaa vizuri chini ya ukingo wa meza, akaendelea kukamua. Sasa maziwa yalishuka kwa uzi mmoja ulionyooka, na yalipoligonga jagi yalitoa mlio ule ule yanaoutoa Dundori alfajiri. Majirani wakapanga vyombo vyao nyuma yake.

Hezekiah akatoka kwenda kushusha mizani za vituo vingine, maana alikuwa amezibeba zote akijua mambo yatakwisha vizuri. Nuria akazipokea mlangoni, akazifungua moja baada ya nyingine, akazipitisha chini ya taa. Zote zilikuwa za Shukri. Zote zilikuwa zimejaa, na hakuna hata moja iliyokuwa imeachia.